Majani Katika Matundu ya Gari

Jirani yangu hapa Nairobi ana gari la mbio, Porsche 911. Injini yake iko nyuma. Lakini tangu aina hiyo ianze kupozwa kwa maji mwaka 1997, rejeta hukaa mbele, pembeni, ndani ya matundu ya bampa. Kwa matundu hayo gari huvuta hewa, na kwa hayo hayo humeza majani. Mwezi wa Oktoba, mijakaranda ipukutishapo maua, hujaa upesi.

Mbele ya rejeta pana kondensa ya kupozea hewa ya abiria, nayo ni ya alumini nyembamba. Majani makavu huzuia upepo tu. Yakilowa yakaoza, hushika tope, na alumini huliwa polepole hata gesi ikavuja. Wapita njia husifu rangi. Ni nani achunguliaye matunduni?

Jumamosi moja, injini ikiwa baridi, tuliifungua bampa. Tulitoa majani kwa mikono, tukapitisha brashi laini, kisha maji yasiyo na kasi, maana mapezi yale hupinda kama karatasi. Kondensa ya kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia ilikwisha kuota madoa meupe. Jirani aliyagusa kwa kidole, akanyamaza.