Jiko la Mia Tano

Mjomba wangu alikuwa fundi bati Shauri Moyo, Nairobi. Kazi yake ilikuwa jiko la mkaa la kawaida: bati la pipa kuukuu, nyundo, ribiti, basi. Aliyejua kutengeneza moja alijua kutengeneza mia, na hakuna mwenye fedha aliyewahi kumuuliza kama la kesho litafanana na la jana.

Swali hilo lilikuja na jiko jipya, lile lenye chungu cha udongo ndani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo lake lilitoka Thailand, kwenye jiko la ndoo la huko, na Mkenya Max Kinyanjui alikuwa miongoni mwa waliohangaika kulirekebisha lifae nyumba zetu. Mkaa ulikuwa unapanda bei, misitu inakatwa, na jiko la bati tupu linapoteza moto ubavuni. Udongo ungeushika moto huo. Hilo kila mtu alilielewa alipopika mara moja tu.

Nilimsindikiza mjomba kwa watu wa mikopo, nimebeba jiko moja la sampuli. Ofisa mmoja aliligeuzageuza, akaligonga, akalisifu.

"Mzee, hili nimelikubali. Lakini la mia tano litakuwa kama hili?"

"Bati nakuhakikishia, bwana," mjomba akajibu. "Udongo siufinyangi mimi."

Lilikuwa jibu la kweli, nalo likatunyima mkopo. Nilitoka na hasira, nikiamini kwamba tumedharauliwa kwa sababu tunafanya kazi juani. Leo naona yule ofisa aliuliza jambo la haki kabisa. Majiko ya mwanzo yalikuwa yanapasuka. Chungu kilijaza ndoo nzima kutoka juu hadi chini, na bati na udongo havitanuki sawa vikipata moto. Mama aliyetumia fedha za mwezi kununua jiko lililopasuka alimwonya jirani, na jirani hakununua.

Halafu kuna udongo wenyewe. Husinyaa ukikauka, na husinyaa tena tanurini, kila udongo kwa kiasi chake. Chungu kilichotoka kwenye kalibu moja na mwenzake kinaweza kurudi kikubwa au kidogo, na fundi bati aliyekwisha kukata mwili wa jiko anabaki na vitu viwili visivyoingiana. Kikianikwa juani kinapata nyufa nyembamba ambazo jicho halizioni. Kikikaa pembeni mwa tanuri ambako moto haukufika sawasawa, kinabomoka mbele ya mnunuzi. Mafundi waliokuwa wakitaka kuharakisha oda ndio walioumia zaidi, kwa sababu udongo haukubali kuharakishwa.

Suluhisho halikuja kwa siku moja. Umbo lilibadilika: kiuno kikabanwa, tako likapanuliwa lisipinduke, na chungu kikawekwa nusu ya juu tu, mahali moto ulipo. Katikati ya chungu na bati kukatiwa saruji iliyochanganywa na madini mepesi ya kuzuia joto. Mimi naona tabaka hilo ndilo lililoiokoa biashara, kwani lilijaza pengo pale vipimo vilipokosana kidogo, na fundi hakulazimika tena kutafuta chungu kinacholingana kikamilifu na bati lake. Wafinyanzi nao wakawa na kazi yao pekee, wakafinyanga kwa kalibu na mashine, wakakausha kivulini.

Mjomba alipokea vyungu vikiwa vimerundikwa kwenye mkokoteni. Aliinua kimoja kimoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kilicholia kwa sauti kali alikipitisha. Kilichotoa sauti nzito alikirudisha, hata kama mnunuzi alikuwa amesimama pale anasubiri. Wafinyanzi walilalamika, kisha wakaanza kugonga wenyewe kabla ya kupakia.

Fedha zilikuja hatimaye, ila hazikutoka benki. Wenye maduka ya jumla walianza kulipa sehemu ya oda mapema, walipoona majiko hayarudishwi. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na kuagiza wajengewe vibanda, na jina la jua kali, wanaloitwa mafundi wa kazi za juani, likapata heshima serikalini. Washindani wakaongezeka, bei ikashuka, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya zilikuwa na jiko hilo. Lilivuka pia kwenda Tanzania na Uganda.

Ushindani huo ulileta hasara yake. Kwa kutaka kushusha bei, wengine walitumia bati jembamba na vyungu visivyoiva, na mnunuzi hawezi kujua tofauti dukani. Siku hizi kuna majiko ya mkaa yanayotoka kiwandani Ruiru, yanayofanana moja na jingine, na wawekezaji wanayakimbilia. Nayafurahia. Lakini wafinyanzi wadogo bado wapo, na wanachokosa wengi wao ni banda la kukaushia na tanuri linaloivisha pembeni kama katikati. Hilo ndilo ningependa yule ofisa alikopeshe.