Pakanga, Hamira na Homa ya Mtoto

Sisi wakazi wa Mbesa, mkoani Ruvuma, tumekua tukiamini kwamba Allah (S.W.) ameweka tiba katika majani, magome na mizizi. Mtoto akipatwa na homa, bibi huchemsha mwarobaini kabla baba hajatafuta nauli ya hospitali. Basi tuliposikia kwamba dawa ya malaria yaweza kutengenezwa kwa hamira iliyotiwa vinasaba vya mmea, wengi wetu tuliuliza: je, huko si kuchezea maumbile?

Tulitazame jambo lenyewe. Dawa mseto tunayopewa zahanati, ambayo nchi yetu iliichagua mwaka 2006 badala ya SP, asili yake ni pakanga ya China. Bi Tu Youyou, aliyeongoza utafiti wake kwa msaada wa vitabu vya tiba vya kale, alitunukiwa Nobel mwaka 2015. Lakini dawa iliyomo ni haba: hata jani bora kavu hutoa takriban sehemu 1 tu kwa 100. Ndipo Jay Keasling na wenzake huko California wakavitia vinasaba vya pakanga ndani ya hamira, ikatoa asidi inayogeuzwa kuwa dawa. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza kuizalisha kwa wingi, ingawa pakanga ya shambani iliposhuka bei, hamira ilishindwa sokoni.

Insulini nayo ilipita njia hiyo. Zamani ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Tangu mwaka 1982 imepatikana ile inayotengenezwa na bakteria. Muislamu mwenye kisukari anaijua faraja hiyo.

Hapa hapana uumbaji mpya. Kilichoumbwa na Mola kimehamishwa tu ili kiwafae waja. Penye shaka ya halali na haramu, tuwaulize masheikh wetu.

Hatari kwa watoto wetu iko kwingine: katika kipimo. Chungu cha majani hakitwambii kina dawa kiasi gani, na dawa pungufu huviacha vimelea vikizoea kuistahimili. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai ya pakanga.

Enyi wazazi, tuuheshimu mti wa bibi, lakini mtoto mwenye homa akapimwe mapema. Akipewa mseto, aumalize asubuhi na jioni kwa siku 3, hata homa ikitulia. Kutafuta sababu ni sehemu ya kutawakali.