Kabete ya Chini na Walimu wa Maji Safi

Msafiri aondokaye Jamhuri, kando ya barabara ya Ngong, akapita Lavington na Westlands, hufika Kabete ya Chini baada ya safari fupi. Huko udongo ni mwekundu na mabonde ni mengi, na hapo ndipo ulipo mlango wa Chuo cha Serikali cha Kenya. Watumishi waingiao humo kujifunza mambo ya ofisi huenda hawajui ya kuwa zamani, pahali pale pale, walimu walifunzwa kuchimba choo.

Shule ya Jeanes ilianzishwa hapo mwaka 1925, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Bwana J. W. C. Dougall. Jina lilitokana na Anna T. Jeanes, bibi wa Philadelphia, aliyetoa mali yake mwaka 1907 kwa ajili ya shule za watu weusi wa mashambani huko Marekani.

Mwalimu aliyechaguliwa hakuja peke yake. Alikuja na mkewe na watoto, wakapewa nyumba, wakajifunza pamoja. Hapo ndipo palipokuwa na busara ya shule ile. Mwalimu aweza kuandika ubaoni habari za maji safi hata chaki imwishie, lakini mtungi wa nyumbani kwake ukiwa hauna kifuniko, watoto watauamini mtungi. Basi mume alifunzwa kuweka choo mbali na kisima. Mke alifunzwa kuchemsha maji, kufunika chakula na kumtunza mtoto mchanga. Na kwa haki, kazi ya mke ndiyo iliyokuwa nzito zaidi, maana ndiye ateke maji, na ndiye ajibuye maswali ya majirani.

Waliporudi kwao, mume alizungukia shule kadhaa za vijijini akiwasaidia walimu wasiopata mafunzo. Jambo la kueleza lilikuwa gumu. Minyoo ya safura hutoka katika kinyesi kilichoachwa vichakani, hukaa katika udongo wenye unyevu, kisha hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu na kumfyonza mtoto damu. Mtoto huyo husinzia darasani. Na mwalimu asiyejua humwita mvivu, akamchapa.

Mwaka 1961 mahali pale pakawa Chuo cha Utawala, na mwaka 2012 pakapata jina la sasa. Lakini maradhi hayakungoja. Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971, na mwaka 2017 kiliwapata watu katika Nairobi yenyewe, mji wenye mabomba.

Si mbali na Kabete, huko Kawangware, watu wengi wangali wakinunua maji kwa mitungi ya plastiki. Mwalimu wa huko atakaye watoto wanawe mikono watokapo chooni hana budi kwanza kutafuta mtungi, na bilula ya kuutia upande wa chini, na mtu wa kuujaza kila asubuhi, na kipande cha sabuni kisichoibwa.