Peugeot 404 na Mlima wa Lushoto

Gari la kwanza kuandikwa jina langu kwenye kadi lilikuwa Peugeot 404 nyeupe, saluni, gia zake za kwenye usukani. Nililinunua Tanga mwaka 1975 kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao Ulaya. Sehemu ya fedha ilikuwa akiba yangu ya gereji, sehemu nilikopa kwa shemeji, na kilichopungua alikiongeza baba baada ya kuuza nazi. Mwaka huohuo Wafaransa walikuwa wanaacha kuitengeneza 404 huko kwao. Kwetu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kazi.

Msomaji kijana huenda akauliza kwa nini 404 na si gari jingine. Jibu ni mashindano ya magari ya Safari. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, na baadaye yakawa yanakimbiwa siku za Pasaka, masika yamekolea na barabara imegeuka tope. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 ikashinda 404 tena, safari hii ya Bert Shankland na Chris Rothwell waliotokea Tanzania, na mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia. Mara hiyo pia waliomaliza walikuwa 7. Sisi tulifuata habari hizo kwenye redio, tumeizunguka dukani, na kila mtoto wa mtaa wa Ngamiani aliijua 404 kwa sauti kabla haijatokea kwenye kona.

Lakini kwa sisi wa gereji aliyetugusa zaidi alikuwa Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544. Gari lenyewe lilikuwa limeshatumika kabla ya kumfikia, na yeye alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa mashindano. Hilo lilitosha kumfanya kijana mwenye mikono ya grisi aione kazi yake ina heshima.

Niliingia gereji mwaka 1968, kama spana boi. Kazi yangu ilikuwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, kushika taa ya mkononi, na kumpa fundi spana anayoitaka kabla hajaitaja mara ya pili. Fundi mkuu alikuwa mzee wa Kigoa, mtu wa maneno machache, ambaye hakukubali tufungue nati hata moja bila kumwambia kwanza ina kazi gani. Siku moja gereji ya jirani walituletea 404 inavutwa kwa kamba. Waya za plagi zilikuwa zimetolewa zote zikarudishwa, na tangu hapo kila ikipigwa stata inarudisha moto kwenye kabureta, haiwaki. Fundi wao, mtu mzima aliyejifunza kazi kwenye magari ya Kiingereza, alikuwa ameshajaribu kila alilolijua.

"Silinda namba moja umeanzia wapi, ndugu yangu?" mzee akamuuliza.

"Huku mbele, mzee, upande wa feni. Kwani kuna kwingine?"

"Kwa Mwingereza ni hapo. Mfaransa anaanza kuhesabu nyuma, kwenye flaiwili."

Mzee akazihamisha waya zote nne. Mpangilio wa moto ulikuwa uleule, 1-3-4-2, ila kuanzia mwisho wa pili wa injini, na gari likawaka papo hapo. Hakumcheka yule fundi. Alimkaribisha chai, akamchorea injini kwenye kipande cha boksi, akampa aende nacho. Nimewafundisha vijana wengi tangu wakati ule, na nimejitahidi kufundisha kwa namna hiyo.

Injini ya 404 nilikuja kuijua kwa vidole. Ile yangu ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,618, imelazwa upande kwa nyuzi 45 chini ya boneti. Silinda zake hazikutobolewa moja kwa moja kwenye bloku. Ni sileve nne zinazochomoka, na maji yanazizunguka. Kwa fundi wa Tanga hii ilikuwa neema. Injini za magari mengine zikichoka, bloku ilibidi isafirishwe kwenda kuchongwa kwenye mashine, na mwenye gari akae wiki nzima bila kipato. 404 ikianza kula oili na kutoa moshi wa bluu, unafungua kichwa na sampo, unaigonga sileve taratibu kutokea chini kwa kipande cha mti mpaka iachie, unaweka nyingine na pistoni yake na ringi zake, unahakikisha zile gasketi nyembamba za kitako zimekaa sawasawa, unafunga. Tapeti unazipima kwa fila geji injini ikiwa baridi, milimita 0.10 za kuingiza na 0.25 za kutoa. Kazi yote hiyo inafanyika chini ya mwembe, na nimeifanya chini ya mwembe.

Difu yake nayo ilikuwa ya aina ya pekee. Mahali ambapo magari mengine yana kraunwili na pinioni za chuma kwa chuma, 404 ilikuwa na mhimili wa chuma wenye hesi, unaozungusha gurudumu la shaba nyeusi lenye meno. Ilikuwa kimya kabisa. Abiria wa nyuma alisikia upepo na matairi tu. Lakini shaba hiyo haikutaka oili ya kubahatisha. Tulipomwaga oili ya difu tuliipokea kwenye karai safi, tukaisogeza juani tuitazame. Ukiona imemetameta kama vumbi la dhahabu, ujue mwenye gari amewekewa oili isiyofaa na meno yanalika. Dereva aliyejali gari lake alikuwa anasimama pale na kutazama karai pamoja nasi.

Nililitia gari langu kwenye teksi. Mjini Tanga lilibeba wagonjwa kwenda hospitali ya Bombo, maharusi, wafanyabiashara wa Muheza na machungwa yao. Kiti cha mbele kilikuwa benchi, kwa hiyo abiria wawili walikaa na dereva bila kubanana na gia, maana gia ilikuwa juu. Tairi la akiba linaning'inia chini ya buti kwenye kitanda chake, hivyo pancha ikitokea huhitaji kuteremsha mzigo wa mtu barabarani. Vitu hivi ni vidogo kwa anayeangalia gari kwenye picha. Kwa anayekula kwa gari hilo, ndivyo vinavyoamua kama abiria atakutafuta tena.

Safari niliyoipenda kuliko zote ni ya Lushoto. Ukifika Mombo unaacha barabara kuu na kuanza kupanda Usambara, kilometa 33 hivi kupitia Soni, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde. Kupanda hakukunitisha, unatia gia namba mbili na kumwachia mnyama apumue, dirisha wazi, sikio kwenye injini. Kushuka ndiko kulikomtofautisha dereva na mshika usukani. Tunateremka na kabichi, viazi na mapeasi, abiria wamejaa, na breki zile zilikuwa za madramu magurudumu yote manne. Dramu likishika moto, pedali inakuwa ngumu kama jiwe na gari halisimami. Kwa hiyo unashuka kwa gia uliyopandia, injini inalishika gari, na breki unaigusa tu kabla ya kona kisha unaiachia ipoe. Mzee wa Kisambaa mmoja niliyekuwa namchukua mara kwa mara alikaa mbele siku zote, na alisema halali safari nzima ili asikie ile injini inavyonguruma kwenye mteremko. Akisikia imenyamaza, ananigeukia.

Kisha ikaja Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Kwa mtu wa Tanga mwenye Peugeot, Mombasa ndiyo ilikuwa duka la spea. Ukitoka asubuhi kwa Horohoro na Lunga Lunga, jioni umerudi na pointi, kondensa na raba za breki. Njia hiyo ilifungwa mpaka Novemba 1983. Katikati hapo kulikuwa na vita vya Kagera, bei ya mafuta, na miaka ambayo duka la vipuri lilikuwa na rafu na muuzaji lakini halina bidhaa. Jumapili kuanzia saa nane mchana magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani, ili kuokoa petroli.

Watu wengi wanaikumbuka miaka ile kwa foleni. Mimi naikumbuka kama miaka ambayo ufundi wa Tanga ulikomaa. Gasketi tulitengeneza wenyewe. Unachukua karatasi nene, unailaza juu ya mdomo wa pampu ya maji, unaibana kwa kiganja, kisha unagonga kingo zote kwa kichwa cha mviringo cha nyundo, polepole, mpaka ncha ya chuma ikate karatasi yenyewe. Matundu ya bolti unayatoa kwa kuweka gololi juu ya tundu na kuigonga mara moja. Unapaka grisi, unafunga, na pampu haivuji. Bushi tuliwapelekea mafundi wa karakana za mashamba ya mkonge, waliokuwa na mashine za kukereza tangu enzi za ukoloni na mikono iliyojua kuzitumia. Betri ikifa na nyingine hakuna, 404 ilikuwa na tundu la handeli mbele. Unakamata handeli dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudisha isikuvunje, unaivuta kuelekea juu, inawaka. Magari mengi mapya kuliko letu yalilala miaka ile. Langu halikulala.

Mpaka ulipofunguliwa nilikwenda Mombasa na orodha ya vipuri ya gereji nzima. Nikarudi pia na hamu ya 504 steshenwagoni. Gari hilo lilitoka mwaka 1968, likatajwa gari la mwaka Ulaya mwaka 1969, na Afrika ikalifanya lake: lilikuwa linaunganishwa Kaduna, Nigeria, na pia Kenya, ambako liliendelea mpaka mwaka 2004. Steshenwagoni ilikuwa na safu tatu za viti, na nyuma springi mbili kila upande kwa ajili ya mzigo. Niliipata iliyotumika na kuitia njia ya Tanga hadi Lushoto, nikiiacha 404 ibaki mjini. Kwa biashara, 504 ilikuwa bora: breki zake zilishika vizuri zaidi, ilimeza mashimo ambayo 404 iliyahesabu, na ilibeba familia nzima na mbuzi wao. Watoto wangu wamesomeshwa na gari hilo, nalisema bila kusita.

Nimeendesha na mengine. Volkswagen Beetle ya jamaa yangu, injini nyuma na haina rejeta, niliithamini kwa kuwa haijui maji kuchemka. Land Rover ya shamba, bodi ya aluminiamu, inafika kokote, ila inamchosha mtu mgongo. Lakini moyo wangu ulibaki kwa 404, na sababu ni ya kifundi. Hakuna sehemu ya gari lile iliyofichwa. Kijana akiifungua na kuifunga kwa uangalifu, anatoka anajua kabureta inafanya nini, kwa nini tapeti zinahitaji nafasi, kwa nini maji yanazunguka. Hilo 504 lilifanya kwa kiasi, na magari ya leo hayafanyi kabisa.

Magari ya Kijapani yaliyoanza kumiminika miaka ya 1990 siyalaumu. Yameweka familia nyingi barabarani, hayali mafuta, na yanawaka kila asubuhi. Ninachosikitikia ni vijana wa gereji wanaochomeka kompyuta, wakasoma namba ya kosa, wakabadilisha kifaa kizima, na hawajawahi kuona ndani yake kuna nini. Akili wanayo. Walichokosa ni gari la kujifunzia.

Na magari hayo yapo. Nimezunguka Tanga, Korogwe na Muheza nikayaona nyuma ya nyumba, kuku wametagia kwenye viti, yanasubiri mnunuzi wa chuma chakavu aje na mizani yake. Kama la kwenu ni moja ya hayo, nakuomba usiliuze kwa kilo. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, liache usiku kucha, kisha ujaribu kulizungusha kwa handeli. Likizunguka, hilo ni gari zima. Mtafute fundi mzee aliyelijua, mtafute na kijana mmoja anayesomea ufundi VETA, uwaachie walifungue pamoja wakati sisi wazee bado tupo.