Uwanja Huu ni wa Nani?



Juma lililopita, tukirudi kutoka kuwatembelea wagonjwa, tulisimama kando ya uwanja ulio ng'ambo ya parokia yetu ili kununua ndizi. Mama tunayenunua kwake siku zote alikuwa ameketi juani, leso kichwani. Mti uliompa kivuli ulikwisha kukatwa kupisha njia ya matofali na mabenchi ya saruji. Akatuuliza kwa upole: "Padre, ule mchoro si hata nyinyi mliutia sahihi?"

Ni kweli, tulitia sahihi. Mwaka jana tulialikwa kwenye kikao cha wadau. Mchoro ulikuwa tayari umechapishwa kwa rangi na kutundikwa ukutani, ukionyesha watu wasiofanana na wa mtaa wetu wakitembeza mbwa wao. Tulipewa soda, tukaandika majina katika daftari la mahudhurio, na baadaye daftari hilo likahesabiwa kuwa idhini ya wananchi. Kikao kilifanyika saa nne asubuhi, siku ya kazi. Wauza mboga hawakuwepo, wala wapiga viatu rangi, wala vijana wa mpira. Tuliokuwepo ni sisi ambao hatuketi uwanjani kamwe.

Jiji la Nairobi lilipaswa kuwa limekwisha kutufundisha. Mwaka 1989 ilipoazimiwa kujenga jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park, Profesa Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua, akabezwa hadharani, na hatimaye mpango ukaachwa. Mwaka 1991 Bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa jiji mwaka 1906, nayo ikataka kugeuzwa maegesho ya magari ya ghorofa; mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza upinzani. Wanaopumzika pale adhuhuri, wakiwasikiliza wahubiri (wengine wao, tukiri, hutushinda kwa sauti), wanakalia nyasi zilizopiganiwa.

Lakini enzi hizo mwananchi alikuwa na neno moja tu: hapana. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, imeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kushiriki si kukataa peke yake. Ni kushika kalamu kabla mstari wa kwanza haujachorwa.

Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi lilianza kushirikiana na kampuni ya Mojang, watengenezaji wa mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, ili wakazi wa miji wabuni wenyewe viwanja vyao. Uwanja wa Silanga, huko Kibera, ulikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Tulipolisikia jambo hilo tulicheka. Mchezo wa watoto! Sasa tunaliona kwa jicho jingine. Mchoro wa msanifu majengo una lugha yake, na wengi wetu tusioielewa hutikisa kichwa kwa kuona haya. Bali mtu akipewa vitofali avipange, hata kwenye kioo cha kompyuta, ataonyesha mara moja: hapa taa, hapa choo, hapa watoto wasipite.

Mama wa ndizi angaliulizwa, angaliomba kivuli, bomba la maji na taa ya saa moja jioni. Hatusemi kwamba kila mmoja angalipata alitakalo. Vijana wanautaka uwanja mzima, wazee wanataka utulivu, na watu wa matatu wanataka mahali pa kugeuzia magari. Mabishano hayo yangekula jioni nyingi, na mhandisi mwenye tarehe ya kumaliza kazi angechoka. Hata hivyo mabishano hayakuepukwa. Yameahirishwa tu, nayo sasa yanafanyika juani, juu ya saruji iliyokwisha kukauka.

Tumeiandikia ofisi husika kwamba sahihi yetu ilikuwa ya mahudhurio, si ya ridhaa, na kwamba tulikosa kwa kutouliza. Imekubali kikao kingine kuhusu sehemu ambayo haijajengwa: Jumamosi ijayo, saa kumi alasiri, uwanjani penyewe. Mama wa ndizi amesema atakuja, mradi kisivuke saa kumi na mbili, kwani ndipo wateja wake wanaporudi kutoka kazini.