Simu Yangu na Ustadhi Wangu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nami yamenifika.

Machi mwaka wa 2020, korona ilipofungisha misikiti na madrasa nchini, nilikuwa darasa la tano kule Mombasa. Baba akanitilia msahafu ndani ya simu. Lo! Nikigusa aya, qarii anasoma; nikigusa tena, anarudia bila kuchoka wala kushika bakora. Hata adhana ilinililia mfukoni. Nikahifadhi Suratul Jinn yote, aya 28, kichwa kikavimba.

Madrasa zilipofunguliwa, ustadhi akaniambia, "Haya mwanangu, soma." Nikaanza kwa mbwembwe. Neno la kwanza tu, akainua mkono.

"Umesema 'kul'? Hiyo ni 'kula'! Mola amemwambia Mtume 'qul', yaani 'sema'. Itoe kwenye shina la ulimi."

Wenzangu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe miezi yote ile simu ilinisomea, lakini haikunisikiliza.

Ustadhi hakunikataza simu. "Sikiliza nyumbani," alisema, "kisha uje usome mbele yangu, kama nilivyosoma mbele ya mwalimu wangu."

Siku hizi zipo hata programu zinazomsikiliza msomaji na kumwonyesha neno aliloruka. Ninazo, na zanifaa. Ila, ndugu msomaji, kila Jumamosi mimi huyo, njia moja hadi chuoni.