Tulikwenda Kuangalia Maboga

Mwezi huu hatuwapeleki mbali. Ni nyuma ya nyumba ya mama mmoja hapa hapa Nyarugusu.

Jumamosi saa moja asubuhi, sisi walimu wawili wa kujitolea na watoto wa darasa la tano tulipita bombani, madumu yameshapanga foleni, tukashuka njia ya matope. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo.

Maboga yake yametambaa mpaka kwenye paa. Majani makubwa, maua mengi, boga hata moja hakuna. Vitunda vinatoka, vikifika ukubwa wa gololi vinageuka njano, vinaanguka.

"Walimu, hii maboga imerogwa. Kule Fizi sikuona hivi," alisema, macho kwa jirani ng'ambo ya wigo. Wiki mbili walikuwa hawasalimiani.

Sisi tuliozaliwa baada ya kambi kufunguliwa 1996 mashamba ya Fizi tunayasikia tu. Lakini maua tulisoma shuleni. Ua dume lina kikonyo kirefu, chembamba. Ua jike limekalia kiboga kidogo. Madume ndiyo hutangulia, kwa hiyo maua ya kwanza yakidondoka msishtuke. Ila jike lisipopata ule unga wa manjano wa dume, kiboga chake hufa. Anayeubeba ni nyuki, na mvua ikinyesha nyuki hatoki. Ua lenyewe hufunguka alfajiri, kabla ya adhuhuri limeshajifunga, basi.

Tena mama alikuwa anachuma madume yote apike na majani. Hatumlaumu, mgao ukiwa mdogo nani hachumi? Lakini bakizeni machache.

Siku ile jike moja lilikuwa wazi, dume hakuna. Madume yalikuwa kwa jirani. Tukanyamaza. Mtoto mmoja, asiyejua mambo ya wakubwa, akaenda kupiga hodi. Jirani akaja mwenyewe, maua mawili mkononi. Tukayabandua majani yake ya njano, tukabakiza kile kijiti cha katikati chenye unga, tukampa mama. Akakipaka ndani ya ua jike taratibu.

Jumamosi iliyofuata tulirudi. Kiboga kama ngumi, kijani, kimewekewa nyasi kisiguse matope. Mama hakuwepo, alikuwa kwenye mgao.

"Msikiguse," jirani alituambia kutoka ng'ambo ya wigo. "Ameniachia mimi nikiangalie."